Nadharia yangu ya 0.1 imekufa au bado? Kitanzi cha 0.2 kimenivuruga

Nukta Pacha

Wakuu, habari za saa hizi. Mimi ni mwanamke wa miaka 44, kazi yangu kutunza stoo, na huu ni mwezi wa tatu najifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, usiku watu wakishalala. Swali langu lina miguu miwili: mmoja uko kwenye msimbo, mwingine uko kwenye ubishi na mdogo wangu. Nivumilieni, nitarefusha.

Zoezi lenyewe la kitanzi, yaani mistari inayojirudia hadi sharti litimie, lilikuwa jepesi hadi nikalidharau. Anza na sifuri, ongeza 0.1 kila mzunguko, ukifika 1 simama. Nikaandika (ile != maana yake "si sawa na"):

x = 0
while x != 1:
    x = x + 0.1
print("Tayari")

Nikabonyeza, nikaenda kuoga. Kurudi nakuta feni ya laptop inavuma kama inataka kupaa na "Tayari" haijaonekana. Nikaipitia mistari ile minne herufi kwa herufi, vile ninavyokagua hati ya mzigo nikihisi katoni moja imepotelea njiani. Sikuona kosa. Nikakatisha, nikaweka print ndani ya kitanzi nione x inapita wapi, nikakatisha tena, nikapandisha skrini hadi juu:

0.1
0.2
0.30000000000000004
0.4
0.5
0.6
0.7
0.7999999999999999
0.8999999999999999
0.9999999999999999
1.0999999999999999

Mnaiona ile ya tatu? Halafu tazameni ya nne ilivyojirudi, safi kabisa, kama mtu aliyejikwaa akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona. Kuanzia ya nane inapungukiwa, na ikifika kwenye 1 haigusi: inaruka kutoka chini kidogo ya 1 hadi chini kidogo ya 1.1. Kitanzi kinasubiri 1 kamili, na 1 kamili haiji.

Hapo nikaanza kubuni sababu. Ya kwanza: laptop ni chakavu. Kama ni hivyo, simu ya binti yangu itatoa majibu mengine. Ikatoa yaleyale hadi tarakimu ya mwisho. Nikaifuta. Ya pili: Python ndiyo mbovu. Kama ni hivyo, lugha nyingine itapatia. Nikafungua JavaScript, lugha nyingine ya programu, kwenye kivinjari, nikaandika 0.1 + 0.2, ikanipa 0.30000000000000004, sifuri zote mahali pake. Nikaifuta nayo. Ya tatu: kompyuta haziwezi desimali. Nikaweka 0.25 badala ya 0.1, kitanzi kikasimama kwenye 1 bila kusita. Ikafutika.

Ya nne ndiyo ninayoipenda. Nimesoma kwamba mashine inatunza namba kwa sifuri na moja tu. Basi sehemu inazoziweza kamili ni zile zinazopatikana kwa kukata nusu, kisha nusu ya nusu: nusu, robo, thumuni, na kushuka hivyo hivyo. Sehemu moja ya kumi huipati kwa kukata nusu hata ukikata mpaka kesho, kama sisi tunavyohangaika na theluthi, ile 0.3333 isiyokwisha. Mashine inalazimika kukata mkia mahali fulani, na mkia huo uliokatwa ndio unaonitesa. Nikasema: nadharia hii ikiwa kweli, hatua ya thumuni, yaani 0.125, itasimama. Ikasimama. Na hatua ya humusi, yaani 0.2, haitasimama, maana humusi nayo haizaliwi na nusu.

Ikasimama! Mizunguko mitano, "Tayari", kana kwamba hakuna lililotokea.

Sasa mguu wa pili. Mdogo wangu ana shahada, na hatuachi kuikumbuka. Nilipomwambia nina nadharia kuhusu 0.1 alicheka: "Dada, hiyo ni kubahatisha. Nadharia ni ya wanasayansi." Siku mbili baadaye tukawa tunabishana kuhusu mageuko ya viumbe, akaniambia: "Lakini hiyo ni nadharia tu, bado haijawa kanuni." Mtu yuleyule, neno lilelile. Juzi lilikuwa kubwa mno kwangu, leo limekuwa dogo mno kwa Darwin.

Naomba kujua mawili. Hii 0.2 imeiua nadharia yangu au bado inapumua? Na je, hiyo niliyokuwa nayo ilikuwa nadharia kweli? Nawasilisha.

Msimbo wa Usiku

Pole dada, hapo kila mtu anapita. Usipime usawa wa desimali kwa == ("ni sawa na") wala !=. Andika while x < 1 uendelee na maisha. Falsafa waachie wenye muda.

Nukta Pacha

Ahsante mkuu. Nimefanya ulivyosema, nikaongeza na kihesabio. Kimesimama kweli, ila kimezunguka mara 11 badala ya 10. Mzunguko wa kumi x ni 0.9999999999999999, na hiyo ni ndogo kuliko 1, kikaongeza tena. Ingekuwa stoo ningeshatoa katoni moja ya ziada na kusaini.

Msimbo wa Usiku

Umenikamata, na nimeandika hivyo miaka mingi. Zungusha kwa namba kamili: for i in range(1, 11), yaani i ihesabu 1 hadi 10, kisha ndani x = i / 10. Ukitaka kulinganisha kuna math.isclose, inayouliza kama namba mbili zimekaribiana vya kutosha. Ukitaka desimali zenyewe kama za kwenye karatasi, kuna moduli ya decimal, na ukiandika Decimal(0.2) itakuonyesha namba ambayo mashine imeitunza hasa, mkia wote. Na kama uko kwenye Python 3.12 au baada yake, usishangae sum(), amri ya kujumlisha, ikikupa 1.0 safi kwa 0.1 kumi. Walibadilisha namna sum() inavyojumlisha, kosa linafidiwa humo ndani. Kitanzi chako cha kujumlisha kwa mkono hakijaguswa.

Mwalimu wa Zamu

Dada Nukta Pacha, nafundisha fizikia, na hii 0.2 yako imenifurahisha kuliko 0.1. Jibu la mguu wa kwanza: haijafa. Lakini usiniamini bado, subiri nikupe kisa.

Uranus iligunduliwa na William Herschel mwaka 1781. Miaka ilivyosonga ikaonekana haipiti pale ambapo hesabu za mvutano za Newton zinasema ipite. Kwa ulivyofanya na zile sababu zako tatu, Newton angefutwa siku hiyo. Mfaransa Urbain Le Verrier, mtaalamu wa hesabu za sayari, hakumfuta. Alisema Newton yuko sawa, ila kuna sayari ambayo hatujaiona inayoivuta Uranus. Akakokotoa iko upande gani wa mbingu, akaandika barua Berlin, na usiku wa 23 Septemba 1846 Johann Galle akaelekeza darubini na kuikuta, chini ya digrii moja kutoka pale alipoelekezwa. Hiyo ndiyo Neptune.

Le Verrier huyohuyo, mwaka 1859, akaigeukia Utaridi (Mercury), ambayo njia yake kulizunguka jua nayo ilikuwa na kasoro ndogo. Akatumia dawa ileile: kuna sayari nyingine, karibu zaidi na jua. Ikapewa hata jina, Vulcan, na wakatokea waliodai wameiona. Haipo. Safari hii aliyekuwa na pungufu ni Newton mwenyewe. Novemba 1915 Einstein alionyesha kwamba zile sekunde 43 za pembe kwa karne (sekunde ya pembe ni digrii moja ikigawanywa mara 3600), ambazo Utaridi ilikuwa inazidisha, zinatoka zenyewe kwenye hesabu zake mpya za mvutano, bila kuongeza sayari yoyote.

Kwa hiyo kuitetea nadharia kwa kusema "kuna kitu kimejificha" si dhambi. Le Verrier alifanya hivyo mara mbili, moja ikampa Neptune na nyingine ikamwaibisha. Ninachokiangalia mimi ni kama hicho kilichojificha kinaweza kutafutwa kikakosekana. Vulcan ilitafutwa ikakosekana, na hilo ni la kuisifu. Ingekuwa sayari isiyoonekana kwa darubini yoyote, isiyovuta chochote kingine, hapo tungekuwa tunapiga porojo.

Turudi kwako. Mimi nadai kosa la humusi lipo, ila makadirio yamefidiana kabla ya kufika 1: mashine hukadiria mara juu, mara chini. Hayo ni maneno tu hadi sasa. Basi fanya hivi, bila kuchapisha namba yoyote. Hatua iwe 0.2 ileile, lakini badili shabaha: while x != 0.6. Kwa hesabu za karatasi kinatakiwa kusimama mzunguko wa tatu. Mimi nasema hakitasimama. Ila kabla hujabonyeza, andika kwenye karatasi unachotarajia, na utakachosema kikitokea kinyume.

Mguu wa pili. Neno lenyewe linatuponza. Darasani tumezoea "nadharia na vitendo", mtihani wa nadharia leo, wa vitendo kesho, na tangu hapo nadharia imebaki kuwa ile sehemu ya maneno ambayo bado haijaguswa na mikono. Mdogo wako anaposema "nadharia tu" anatumia maana hiyo. Kwenye sayansi neno linabeba mzigo mwingine: maelezo ya kwa nini mambo yako hivyo, yaliyopimwa mara nyingi na kwa njia nyingi. Lile wazo la mwanzo ambalo bado linaomba kupimwa tunaliita nadharia tete. Yako ni tete, usimkasirikie sana. Ya mageuko ilishatoka kwenye utete zamani.

Na mwambie nadharia haipandi cheo kuwa kanuni. Kanuni ya Boyle inakwambia ukiibana gesi bila kubadili joto, kanieneo itapanda kwa kiwango gani. Haisemi kwa nini. Kwa nini ni kazi ya nadharia ya chembe za gesi, zinazogongagonga kuta za chombo. Boyle alikuwa na kanuni yake karne ya 17, maelezo ya chembe yakaja kukubalika muda mrefu baadaye. Sasa kipi kilikuwa kinasubiri kuwa kingine?

Mbishi Rasmi

Samahani, nakuja kumwaga mchanga. Mwalimu amesimulia vizuri ila amechanganya madaftari. Sayari haina kitabu cha maelekezo. 0.1 inacho. Kuna kiwango kinaitwa IEEE 754, kilipitishwa mwaka 1985, na kinaeleza biti kwa biti, yaani kila sifuri na moja, namba ya desimali itunzwe vipi na ikadiriwe vipi. Ndiyo maana laptop, simu, Python na JavaScript zilikubaliana. Dada hakugundua kitu kuhusu ulimwengu. Amegundua kwamba hajasoma kitabu. Kukisia kilichoandikwa mahali na watu si sayansi, ni uvivu wa kufungua ukurasa.

Msimbo wa Usiku

Mbishi, nilisema falsafa waachie wenye muda, lakini hapa umenichokoza.

Mwaka 1994 profesa mmoja wa hisabati Marekani, Thomas Nicely, alikuwa anajumlisha visehemu vinavyotokana na namba tasa pacha, zile zinazopishana kwa mbili kama 11 na 13. Majibu ya kompyuta zake yakawa hayalingani. Kitabu kilikuwepo, kiwango kilikuwepo. Alifanyaje? Alifanya vilevile kama dada: akashuku msimbo wake, akashuku vifaa vingine ndani ya kompyuta, akaviondoa kimoja kimoja hadi kikabaki kisichotarajiwa na mtu, kichakataji chenyewe cha Pentium, chipu ya kampuni ya Intel inayofanya hesabu za kompyuta. Ukikiambia kigawanye 4195835 kwa 3145727 kilikupa 1.33373..., wakati jibu ni 1.33382... Kulikuwa na jedwali ndani ya chipu linalotumika kugawanya, na nafasi kadhaa za jedwali hilo zilikuwa tupu kimakosa. Intel ilikubali kuvibadilisha vichakataji hivyo, na ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya mkasa huo.

Kitabu kinasema mashine inavyotakiwa kufanya. Inavyofanya, unaiuliza yenyewe.

Mbishi Rasmi

Hilo nakubali, nusu. Kwa Pentium, Nicely alikuwa anachunguza kitu cha silikoni, sawa, hiyo naiita sayansi. Lakini 0.2 ya dada chipu haijakosea popote, imetii.

Mwalimu wa Zamu

Na alijuaje imetii, kabla ya kujaribu?

Nukta Pacha

Nimerudi. Karatasi niliandika hivi kabla ya kubonyeza: "Hakitasimama. Kikisimama, naacha nadharia ya kukata nusu na naenda kusoma upya." Nikasaini, mazoea ya stoo. Saa nne na dakika kumi usiku nikabonyeza.

Hakikusimama. Nimekaa dakika ishirini naangalia skrini isiyo na neno, feni inavuma, na sijawahi kufurahia programu iliyokwama kama hii. Ndipo nikakatisha, nikachapisha:

0.2
0.4
0.6000000000000001
0.8
1.0

Kumbe lilikuwa hapo katikati! Mzunguko wa tatu imezidi, wa nne ikarudi, wa tano ikaangukia 1.0 kamili. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikihesabu mzigo unaotoka, hesabu ikatimia, nikafunga daftari. Ndani, katoni moja ilikuwa imewekwa rafu ya pili kimakosa, halafu ikarudishwa.

Nikafungua na Decimal(0.2) kama Msimbo alivyosema. 0.2000000000000000111, kisha mkia mrefu unaokimbilia pembeni ya skrini. Kwa hiyo tangu mwanzo haikuwa 0.2. Nimeitazama sana hiyo namba.

Nadharia yangu nimeirekebisha hivi: sehemu isiyozaliwa na nusu daima inaingia na kosa, lakini kosa linaweza kufutika njiani kwa makadirio, hivyo kusimama kwa kitanzi hakuthibitishi kwamba kosa halikuwepo. Na safari hii nikaipa kazi yangu mwenyewe, bila Mwalimu. Nikasema nitapata sehemu mbili zisizozaliwa na nusu, moja isimame kwenye 1 na nyingine igome. Nikaweka theluthi, 1/3, na sudusi, 1/6. Theluthi imesimama mzunguko wa tatu. Sudusi mzunguko wa sita iko kwenye 0.9999999999999999 na inaendelea na safari.

Mbishi Rasmi

Hongera. Lakini dakika ishirini si milele. Umejuaje kwamba kile cha 0.6 kisingesimama dakika ya 21?

Nukta Pacha

Kwa sababu x ilishaipita 0.6, na mle ndani inaongezwa tu, hakuna mstari unaoipunguza. Itarudije nyuma?

Mbishi Rasmi

Sawa. Ila angalia ulichofanya hapo: hukungoja, umetoa hoja. Dakika ishirini zilikuwa jaribio, hiyo sentensi yako ni uthibitisho, na hivyo ni vitu viwili. Kwa kitanzi chako hoja ilikuwa rahisi. Mwanahisabati Alan Turing alionyesha mwaka 1936 kwamba haiwezekani kuwa na utaratibu mmoja wa kuamua, kwa kila programu, kama itasimama au la. Na hapo hakuna Einstein atakayekuja kuibadilisha kwa darubini bora zaidi, maana si nadharia ya aina ya Newton, ni hisabati iliyokwisha kuthibitishwa. Ndiyo maana nang'ang'ana: kwenye kompyuta hayo mawili yanaishi nyumba moja, na watu wanayaita kwa jina moja.

Mwalimu wa Zamu

Leo Mbishi amesema kitu nitakachokiiba kesho darasani.

Msimbo wa Usiku

Niongeze la kazini tu. Edsger Dijkstra, mwanasayansi wa kompyuta, alikuwa akisema majaribio ya programu yanaweza kuonyesha kwamba makosa yapo, hayawezi kuonyesha kwamba hayapo. Nilikuwa nalichukulia kama utani wa wazee. Leo nimerudi kwenye msimbo wangu kutafuta while x < zenye desimali ndani. Nimekuta saba. Mbili zinazunguka mara moja zaidi ya inavyotakiwa, na majaribio yangu yote yalikuwa yanapita.

Nukta Pacha

Mrejesho wa mwisho, maana mmenipa muda wenu. Mdogo wangu nimemwonyesha yote, pamoja na karatasi yenye saini. Ameiangalia 0.6000000000000001 muda mrefu. Kuhusu mageuko hajasema kitu na sikumsukuma. Ila nilipoondoka mezani nimemsikia anaita: "Dada, na kalkuleta ya simu yangu nayo iko hivi? Nikigawanya moja kwa tatu, halafu nikazidisha kwa tatu?"

Nikamwambia aandike kwanza anachotarajia. Ameandika, na karatasi amekataa kunionyesha.